Kopo la Kitako Kilichobonyea

Jeneza lilikuwa halijafika chini pale mama mfiwa alipoanzisha wimbo. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelia usiku kucha, lakini aliuanza mwenyewe bila kungoja kwaya: Tukutendereza. Wazee waliosimama nyuma, penye migomba, wakaupokea. Aliyekuwa anazikwa ni mwanawe wa tatu.

Nilikuwa nimefika kijijini pale, nje kidogo ya mji wa Bukoba, kumsindikiza rafiki kwenye msiba. Nilirudi Dar es Salaam na uso wa yule mama. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na chini ya machozi kulikuwa na furaha. Nimekulia kanisani. Mahubiri ya furaha nimeyasikia mengi, mengine kwa spika za kupasua masikio, na furaha niliyoijua ilikuwa ikiisha Jumatatu asubuhi. Hii ya kaburini ilikuwa imetoka wapi? Baada ya wiki sita nilipanda basi kurudi Bukoba.

Alinipokea kwa "Bwana asifiwe, mwanangu," akanikalisha, akaniwekea punje za kahawa za kutafuna. Jina lake aliniomba nisiliandike, kwa kuwa jina la kutangazwa ni moja tu na si lake. Umri wake unakaribia miaka themanini. Nilipomuuliza kuhusu furaha hakujibu. Aliingia ndani, akakawia, akatoka na kopo.

Ni kopo la zamani la maziwa ya unga. Rangi yote imebanduka, mdomo umelainika kwa kushikwa. Lakini lipindue uone. Kitako kimegongwa kuelekea ndani, kimebonyea kama shimo la bao. Likikaa mezani huwezi kujua. Lijaze maharage na utaona yamefika juu, yamefanya kilima, mengine yanaporomoka pembeni, mpaka mteja anashukuru kwa kipimo kizuri. Bibi alileta na kopo la pili, la aina ileile, zima. Akalijaza hili, akalimwaga kwenye ungo. Akalijaza lile, akalimwaga pembeni. Kisha akanishika mkono, akanipimisha tofauti kwa viganja vyangu mwenyewe. Viganja viwili.

"Niligonga kwa mchi," alisema. "Nililifunika gunia kwanza ili jirani asisikie. Kila makopo sita, la saba lilikuwa langu. Nikawalisha watoto hayo, nikawanunulia sare za shule. Na kila Jumapili nilikuwa naimba."

Alikuwa muuza maharage sokoni, mke wa mkulima wa kahawa, Mlutheri wa kuzaliwa. Jirani mmoja alimwalika kwenye ushirika wa waliookoka, uliokutana jioni nyumbani kwa mtu. Alikwenda kwa sababu ya uji. Mzee mmoja akasimama akaeleza, bila kupamba, jinsi alivyokuwa akiiba misumari ya mwajiri wake, misumari michache kila siku. Alipomaliza hakuna aliyemlaani. Walimwimbia Tukutendereza, wakamkumbatia.

"Mimi nilikuwa nimekaa pale na kopo langu kichwani. Nilidhani wote wanaliona."

Wasomaji wengi wanaujua mti wa uamsho ambao bibi huyu ni tawi lake. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wote wawili wakiwa na kiu ya kiroho, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto ulishika kwenye misheni na hospitali ya Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na kwetu, na kabla ya miaka ya 1930 kwisha ulikuwa umefika Bukoba. Uliwasumbua wakubwa: mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono. Ulilea viongozi pia. Josiah Kibira wa Bukoba hapa hapa, mtoto wa uamsho huo, alichaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Na Luganda ya wimbo ule, yenye maana ya "tunakusifu", imebaki Luganda hata midomoni mwa wasioijua lugha hiyo.

Watu wa uamsho huuita mwenendo wao wa kuungama hadharani kutembea nuruni. Usiku ule wa ushirika bibi hakutembea. Alilala na kopo lake siku nne zaidi. Siku ya tano, siku ya soko, alilipindua mbele ya wateja wake.

"Niliwaambia: tazameni kitako. Mimi nimewaibia. Mmoja alicheka. Mmoja alinizaba kofi, na sikumlaumu. Mwingine akasema nimpe makopo ishirini, nikampa, ingawa hakuwahi kununua ishirini."

Kulipa kulichukua mavuno mawili ya kahawa. Mumewe, ambaye aibu ile ilimpata bila kuulizwa, alikaa miezi hasemi naye. Hapo nilisita, na ningali nasita. Ukweli wa mmoja ulifunua nyumba nzima, na watoto walitaniwa shuleni kwa ajili ya sare zao. Nilimwambia hivyo. Alitikisa kichwa polepole, akasema hilo aliliombea msamaha kwa kila mtoto, mmoja mmoja, walipokua.

Ndipo nikamtajia Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne. Nilidhani namfurahisha. Alinikatiza.

"Usikosee, mwanangu. Mimi sikulipa. Aliyelipa ni Yesu, msalabani. Mimi nilirudisha maharage tu."

Furaha, anasema, haikumjia siku aliyookoka. Siku ile ilikuja hofu. Ilimjia njiani, akitoka kwa mteja wa mbali, gunia tupu begani, mvua inanyesha. Alijikuta anaimba na hakukumbuka kuanza. Tangu hapo imepungua na kuongezeka, lakini haijaondoka. Akiisikia inapungua hutafuta ni kitu gani amekificha. Mwezi mmoja kabla ya mwanawe kufa waligombana juu ya mpaka wa shamba. Jioni ileile alimfuata kwake kwa miguu, akaomba radhi, wakala pamoja.

"Nililia kwa sababu nilimpenda. Niliimba kwa sababu hapakuwa na kitu kati yetu, na kwa Bwana nitamkuta."

Namsadiki. Naamini pia kwamba tumewauzia vijana wetu furaha yenye kitako kilichobonyea: imejaa juu, ina kilima, wanashukuru, na nyumbani haitoshi. Nilipolala nyumba ya wageni usiku ule, mambo yangu mwenyewe yaliniweka macho.

Asubuhi nilirudi kuaga. Nilimkuta anachambua maharage, kopo lake kando ya ungo. Hulitunza, alisema, asije akajiona mtakatifu. Nikamuuliza kama aliwapata wote aliowaibia. Mikono yake ikasimama. Mmoja alikufa kabla hajamfikia, mjane mwenye watoto wadogo, aliyekuwa ananunua nusu kopo.

Nikamuuliza kama anamkumbuka jina. Alilitaja, jina la ubatizo na la ukoo. Kisha akaniomba hilo nalo nisiliandike.