Kabla ya kununua balbu kali, angalia gunia lililo kwenye buti

Likizo ya Juni imekwisha. Familia iliyokuja Mbeya kwa bibi inarudi Iringa, shule zinafunguliwa kesho yake. Ilipangwa kuondoka saa 4 asubuhi, lakini nani aliwahi kuondoka kwa bibi kwa wakati? Chakula cha mchana kimeliwa, picha zimepigwa, na pale Uyole baba amesimama kununua viazi. Gunia moja la viazi, ndizi mikungu miwili, dumu la mafuta ya alizeti na mabegi ya shule vimeingia kwenye buti. Watoto watatu wamebanana kiti cha nyuma. Gari linaingia barabara kuu ya TANZAM saa 10 jioni, limechuchumaa nyuma.

Igurusi na Chimala zinapitwa jua likingali juu. Baada ya Igawa giza linaingia. Na hapo ndipo vita vinapoanza: kila lori linalotoka mbele linawapiga fulu. Baba anaangalia dashibodi, taa zake ziko dimu. Lori jingine linapiga. Mama anasema madereva wa malori siku hizi hawana adabu. Baba, akiwa amechoka kumulikwa, naye anawasha fulu. Kwa sekunde chache magari mawili yanapishana huku madereva wote wawili hawaoni kitu, na nyuma kuna watoto watatu wamelala.

Wazazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini wameshapita hapo, na wengi wao hukimbilia duka la vipuri kutafuta balbu kali zaidi. Mara nyingi tatizo haliko kwenye balbu. Liko kwenye gunia.

Taa ya dimu imetengenezwa ielekee chini kidogo. Kipimo cha kawaida kwa magari madogo ni kushuka sentimita 10 kwa kila mita 10. Sasa tuseme mzigo umeshusha nyuma ya gari sentimita 5 tu kuliko mbele. Katika gari ambalo umbali wa gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.5, hizo sentimita 5 zinainua mwanga sentimita 20 kwa kila mita 10. Mwanga uliopaswa kuwa nusu mita chini ya kimo cha taa, mita 50 mbele, sasa uko nusu mita juu yake. Taa nyingi za magari madogo ziko sentimita 60 hadi 70 kutoka ardhini. Jumlisha: ni mita 1.1 au 1.2, yaani usawa wa macho ya dereva wa gari dogo linalokuja. Kwake, dimu yako ni fulu. Lori linalokupiga taa halikutukani, linakuomba.

Dawa yake huenda tayari iko ndani ya gari, na kuna wanaomiliki gari kwa miaka mitano bila kuigusa. Karibu na usukani, mara nyingi upande wa chini kulia, magari mengi yanayotoka Japani yana kitufe cha kuzungusha chenye namba kuanzia 0, na pembeni yake mchoro mdogo wa taa yenye mistari. Namba 0 ni ya gari lenye dereva peke yake, au dereva na abiria wa mbele. Kadiri watu na mzigo wa nyuma unavyoongezeka, ndivyo unavyopandisha namba, na taa zinashuka. Kama gari halina kitufe hicho, kinachobaki ni kupanga mzigo. Gunia la viazi lisikae mwishoni kabisa kwenye buti, lisogezwe hadi ligusane na mgongo wa kiti. Upepo wa matairi ya nyuma nao upimwe. Springi na shokapu zilizochoka hufanya gari lichuchumae hata likiwa tupu, hilo ni la fundi.

Kupima taa kwenye ukuta

Taa zinaweza kuwa zimepotea hata bila mzigo. Zimegongwa kidogo, zimebadilishwa na fundi aliyekuwa na haraka, au gari limepita kwenye mashimo miaka mingi. Kuzipima si kazi ya siri. Unahitaji ukuta, solotepu na mita 10 za ardhi tambarare. (Mbeya kupata mita 10 tambarare ni kazi, na Iringa mjini nako si rahisi. Kiwanja cha shule au maegesho ya kituo cha mafuta husaidia.)

Sogeza gari hadi karibu liguse ukuta, likiwa limeutazama moja kwa moja. Bandika solotepu ukutani katikati ya kila taa. Kisha rudi nyuma mita 10 kamili, mtu mmoja akiwa amekaa kiti cha dereva na kitufe kikiwa kwenye 0, uwashe dimu. Utaona mpaka kati ya mwanga na giza. Mpaka huo unatakiwa uwe sentimita 10 chini ya solotepu. Upande wa kushoto mstari hupanda kidogo, na hilo si kosa: sisi tunaendesha kushoto, na taa imekusudiwa imulike pembeni mwa barabara, pale anapotembea mtu. Kama mstari uko juu ya solotepu, au taa moja inatazama miti na nyingine inatazama bampa, nyuma ya taa kuna skrubu ya kurekebishia. Fundi umeme wa magari anaijua, na ni kazi ya dakika chache.

Kuna gari moja ambalo skrubu haitalisaidia. Ni lile lililotengenezwa kwa ajili ya nchi za kuendesha upande wa kulia. Taa zake hupandisha mwanga kulia, na hapa kwetu kulia ndiko anakotoka mwenzako. Hata ukihamisha usukani, taa zinabaki za kule. Zibadilishwe zote mbili.

Taa imegeuka ugoro

Magari yetu mengi yamefika hapa yakiwa na miaka 10 au zaidi. Sehemu ya mbele ya taa ambayo tunaiita kioo, kwenye magari hayo ni plastiki, na jua huila. Kwanza inakuwa na ukungu, halafu njano, halafu rangi ya chai ya maziwa. Balbu ndani inawaka vilevile, lakini mwanga unasambaa badala ya kwenda mbele. Dereva anaona kidogo na anayekuja anaumizwa macho zaidi, hasara pande mbili.

Dawa ya mswaki inang'arisha, ni kweli, lakini kwa wiki chache tu. Kinachodumu ni kusugua kwa msasa wa maji: unaanza na namba 800 au 1000, unakwenda 2000, kisha 3000 ukiupata, kila mara plastiki ikiwa imelowa. Usiogope ikionekana imeharibika zaidi mwanzoni, inageuka nyeupe kabisa kabla ya kurudi. Baada ya hapo hupigwa polishi, na mwisho hupakwa ile rangi angavu ambayo mafundi rangi huiita klia, yenye kinga ya jua. Hatua hii ya mwisho ndiyo mafundi wa haraka huiruka, na bila hiyo njano inarudi mapema. Bandika solotepu pana kuzunguka taa kwanza, msasa usije ukala rangi ya gari.

Kioo cha mbele cha gari nacho kisafishwe kwa ndani. Kuna utando wa mafuta unaojijenga humo taratibu, mchana hauonekani, usiku kila taa inayokuja inachanua kama ua. Maji, sabuni kidogo na gazeti la zamani vinatosha. La wiki iliyopita, si hili.

Sasa, hiyo balbu

Kama taa ni safi, zimenyooka na bado mwanga ni hafifu na wa njano, mwambie fundi apime umeme kwenye soketi ya taa huku injini ikinguruma na taa zikiwa zimewaka. Balbu ya kawaida ya halojeni haina subira na umeme pungufu: umeme ukishuka kwa asilimia 10, mwanga hupungua karibu theluthi moja. Chanzo mara nyingi ni soketi iliyoungua, nati ya waya wa bodi iliyoshika kutu, au waya mwembamba aliounga mtu fulani zamani. Kusafisha na kukaza nati hizo kunaweza kukurudishia mwanga mwingi kuliko balbu ya bei.

Balbu zenyewe huzeeka. Hufifia kabla ya kuungua, kwa hiyo zibadilishwe mbili kwa pamoja, na usishike kioo chake kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi huunguza sehemu moja na kuipasua mapema. Nunua nguvu ileile iliyoandikwa kwenye balbu ya zamani. Zile zenye miguu mitatu zinazotumika kwenye magari mengi ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Zipo za wati 100, na zinawaka kweli, mpaka soketi ya plastiki inapoanza kuyeyuka.

Balbu nyeupe za LED na zenon zinazobandikwa kwenye taa ya halojeni ndizo zenye ubishi mkubwa gereji. Anayezifunga anafurahi kwa sababu lami iliyo karibu na bampa inang'aa kama mchana. Lakini kioo cha ndani cha taa kilipimwa kwa uzi mdogo wa halojeni uliokaa mahali maalumu. Chanzo cha mwanga kikiwa na umbo jingine, miale inatoka ovyo, mingine juu, mingine pembeni. Na macho yaliyozoea mwangaza mkali wa karibu huona vibaya zaidi kule mbali, ambako ndiko hatari iliko. Gari lililotoka kiwandani na LED ni habari nyingine, taa yake yote ilibuniwa hivyo.

Ukipita Makambako kuelekea Mafinga wakati wa baridi, ukiingia kwenye msitu wa Sao Hill, ukungu hukufundisha jambo hilohilo kwa haraka. Fulu kwenye ukungu ni ukuta mweupe. Baki kwenye dimu, washa taa za ukungu za chini kama zipo, punguza mwendo. Miwani ya njano inayouzwa kwamba ni ya usiku nayo haisaidii, inakata sehemu ya mwanga mdogo uliokuwa nao.

Mita ngapi?

Dimu nzuri, iliyopimwa na kusafishwa, humulika mita 40 hadi 60 hivi. Gari lenye breki nzima kwenye lami kavu, likiwa kilomita 80 kwa saa, huhitaji takriban mita 53 kusimama, tangu dereva anapoona hadi magurudumu yanapotulia. Kwa kilomita 50 ni mita 25 hivi. Hesabu hizo ni za dereva aliye macho. Aliyemulikwa huhitaji sekunde kadhaa kurudisha uoni, na kwa kilomita 80 kila sekunde ni mita 22. Ndiyo maana ukimulikwa unatoa mguu kwenye mafuta na kutazama mstari mweupe wa kushoto, huitazami taa. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri saa 24, kwa hiyo wa kupishana nao usiku hawakosekani.

Na mita hizo 40 ni za kitu kinachorudisha mwanga. Mtoto aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa karibu zaidi ya hapo.

Hapa Mbeya ina shida yake. Saa zetu ni moja na za Dar es Salaam, lakini jua linatufikia zaidi ya dakika 20 baadaye. Julai huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi. Mtoto anayetakiwa shuleni saa 1 anatembea gizani, kando ya barabara ileile ya malori, Inyala, Uyole au Mbalizi. Shati lake la sare ni jeupe, lingeonekana vizuri sana, lakini kwa baridi ya Julai mama amemvalisha sweta la bluu nzito juu yake. Hakuna mama wa kulaumiwa kwa hilo. Utepe wa kuakisi mwanga, wa aina ile inayobandikwa kwenye bodi za malori au kukatwa kutoka kwenye kizibao cha zamani cha bodaboda, ukishonwa kwenye begi na kwenye mikono ya sweta, huonekana mbali kuliko mtoto mwenyewe. Na atembee upande wa kulia, magari yakimjia usoni.

Familia ya viazi itaingia Iringa saa 4 usiku. Asubuhi, baada ya gunia kushushwa, kuna kazi moja imebaki: kitufe cha taa kirudishwe kwenye 0, la sivyo jioni ya kwanza ya kurudi kutoka kazini dereva atajiuliza kwa nini taa zake zinaishia hatua chache tu mbele ya gari.