Cheo na Kujitambua: Kwa Nini Kiongozi Huwa wa Mwisho Kujijua

Kujitambua, kwa maana inayotumiwa katika taaluma ya uongozi, ni hali ya mtu kuzielewa hisia zake, tabia zake, uwezo wake na mipaka yake, na wakati huohuo kuelewa jinsi mambo hayo yanavyowagusa wale anaofanya nao kazi. Mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Goleman, ambaye kitabu chake cha mwaka 1995 kiliieneza dhana ya akili hisia, yaani uwezo wa mtu kutambua na kumudu hisia zake na za wenzake, aliihesabu sifa hiyo kuwa ya kwanza miongoni mwa zile zinazomjenga kiongozi. Sababu yake si ngumu kuiona, kwa kuwa mtu asiyejua ni jambo gani humpandisha hasira hawezi kuizuia hasira hiyo kabla haijawaangukia walio chini yake.

Wengi hudhani kwamba ujuzi huu hupatikana kwa mtu kujitenga na kuitafakari nafsi yake, ilhali tafakuri hutoa nusu tu ya jibu. Mtafiti Tasha Eurich, pia wa Marekani, hutofautisha kujitambua kwa ndani, ambako ni kujua maadili, matamanio na hisia za mtu mwenyewe, na kujitambua kwa nje, ambako ni kujua namna mtu anavyoonekana kwa wengine; naye alibaini kwamba kuwa na aina moja hakumpi mtu aina ya pili. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2018, watu wengi waliamini kwamba wanajitambua, lakini waliotimiza vigezo vyake walikuwa kati ya asilimia 10 na 15 tu ya waliochunguzwa.

Pengo hilo lilikwisha kuchorwa miongo mingi kabla ya hapo. Mwaka 1955 wanasaikolojia Joseph Luft na Harrington Ingham walibuni kielelezo kinachoitwa Dirisha la Johari, ambacho huyagawa mambo ya mtu katika vyumba vinne: yanayojulikana na yeye na wenzake, anayoyajua yeye peke yake na kuyaficha, wanayoyajua wenzake bila yeye kuyajua, na yale yasiyojulikana na yeyote. Chumba cha tatu ndicho chenye hatari kwa kiongozi, na wahenga walikwisha kukisemea waliponena kwamba nyani haoni kundule.

Cheo hukipanua chumba hicho. Mwalimu wa kawaida akikosea hukosolewa na mwenzake palepale, lakini akishapandishwa kuwa mkuu wa shule, wale waliokuwa wakimkosoa huanza kupima maneno, kwa sababu yeye ndiye anayepanga ratiba na kuidhinisha ruhusa. Mkuu huyo anaweza kufungua kikao kwa kueleza uamuzi anaoutaka, kisha akawauliza walimu wanaonaje, akawa anatazama simu yake wakati mwalimu kijana anapojaribu kutoa hoja, na bado akatoka ukumbini akiamini kwamba amewashirikisha watu wake. Muhtasari utaandikwa kwamba wajumbe waliafiki kwa kauli moja, na hoja halisi zitaanza kutolewa kwenye korido baada ya kikao kufungwa. Hata sanduku la maoni halisaidii kitu ikiwa ufunguo wake anaushika yuleyule anayelalamikiwa.

Historia ya Tanzania inatoa mfano wenye pande mbili. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita hivi baada ya Tanganyika kupata uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa serikali, na kwenda kukijenga upya chama chake cha TANU miongoni mwa wanachama, hatua iliyomrudisha karibu na watu waliompa madaraka. Hata hivyo, miaka kumi baadaye, Nyerere akiwa Rais, serikali yake ilizifuta serikali za mitaa, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika vya wakulima. Kwa kufanya hivyo iliondoa vyombo ambavyo, pamoja na kasoro zake, vilikuwa njia ya wananchi kuwafikishia wakubwa ukweli usiopendeza. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, huduma za mijini zikiwa zimezorota, na sheria za mwaka 1982 zikafungua njia ya kurejesha serikali za mitaa na ushirika. Katika mahojiano ya mwaka 1984, akiwa bado Rais, Nyerere alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa ushirika kuwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Kukiri huko hadharani, kwa mtu mwenye hadhi yake, ni kujitambua kwa kiwango cha juu, lakini miaka iliyopita kabla yake inaonyesha gharama ya kiongozi kupungukiwa na watu wa kumwambia.

Kujitambua, basi, hujengwa kwa utaratibu na si kwa nia njema pekee. Peter Drucker, mwanazuoni maarufu wa menejimenti, alishauri kwamba kila mtu anapofanya uamuzi mkubwa aandike matokeo anayoyatarajia, kisha baada ya miezi 9 au 12 ayalinganishe na yaliyotokea, kwa kuwa maandishi hayaruhusu kumbukumbu kujipendelea. Kikaoni, kiongozi anayetaka kusikia ukweli huzungumza mwisho, huuliza swali mahususi, kwa mfano ni jambo gani moja alilofanya mwezi huu lililowakwamisha wenzake, na anapojibiwa hajitetei wala haanzi kumsaka aliyesema. Mtumishi mmoja akihamishwa kituo kwa kusema kweli, waliobaki watarudi kwenye "ndiyo mzee" kwa miaka mingi.

Kujitambua hakumaanishi kujidharau wala kuyumbishwa na kila lawama, kwani anayejijua huujua pia uwezo wake, na kwa sababu hiyo haoni haya kumkabidhi msaidizi kazi ambayo msaidizi huyo anaiweza zaidi. Kipimo chake hakimo katika namna kiongozi anavyojieleza, bali katika idadi ya watu walio chini yake wanaoweza kumwambia amekosea na kesho yake wakaendelea na kazi zao kwa amani. Kila mwenye dhamana, awe mkurugenzi, mwenyekiti wa kijiji au mzazi, na awataje watu hao kwa majina. Na asipompata hata mmoja, aanze kurekebisha hapo kabla ya kumrekebisha mtu mwingine yeyote.