Kontroli Boksi: Soma Namba Kabla ya Kulipa

Wiki hii nataka tuzungumze kuhusu kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu tu, ambacho abiria wengi wa Bariadi hawajawahi kukiona, ingawa ndicho kinachowafikisha Maswa na Lamadi. Mafundi hukiita kontroli boksi. Ndiyo kompyuta ya injini.

Katika magari ya zamani yenye kabureta, hewa yenyewe ilivuta petroli. Magari ya Kijapani yaliyojaa katika barabara zetu hayafanyi hivyo. Sensa hupima hewa inayoingia, joto la maji na mzunguko wa injini. Kisha kisanduku huamua nozeli ifunguke kwa sehemu ngapi za elfu za sekunde, na plagi ichome lini. Uamuzi huo hutoka katika majedwali ya hesabu yaliyowekwa kiwandani kwa ajili ya injini ya aina moja.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Nimemwona dereva mmoja hapa mjini aliyenunua kisanduku cha mtumba kwa fedha za pamba. Soketi ziliingia sawasawa, injini ikawaka, naye akashangilia. Siku chache baadaye gari likawa linatoa moshi mweusi, na petroli ikala nauli yote. Kisanduku kilikuwa kizima, ila kilikuwa cha injini nyingine.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusikihukumu kisanduku bila ushahidi. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi isipowaka, kagua balbu, fyuzi, rilei na waya za hasi. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, chini ya boneti kuna kiboksi cha majaribio. Ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, taa hiyo hukonyeza namba ya kosa. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni 22: kosa liko kwenye sensa ya joto la maji au waya wake. Sensa ni rahisi kuliko kompyuta.

Pili, soma namba. Kompyuta ya injini ya Toyota kwa kawaida ina lebo inayoanza na 89661, ikifuatiwa na tarakimu au herufi tano. Linganisha zote, si zile za mwanzo tu. Injini za 4A na 5A ni ndugu, lakini hazili chakula kimoja. Na gari la gia otomatiki si sawa na la gia za mkono. Honda huanza na 37820, kisha alama kama P28.

Hiyo P28, ya Honda Civic za mwaka 1992 hadi 1995, ina somo lake. Huko Marekani wapenzi wa mbio huitafuta katika magari yaliyokufa. Bodi yake ina nafasi tupu ya chipu. Fundi akichomelea soketi na vipande vichache, kisanduku husoma majedwali mapya na kuendesha hata injini iliyobadilishwa. Lakini namba zikiandikwa kwa kubahatisha, pistoni huungua.

Tatu, kisanduku kilichokufa kisitupwe upesi. Mara nyingi ugonjwa ni kapasita, vile vikopo vidogo ambavyo vikizeeka huvuja na kula njia za shaba. Fundi redio mwangalifu anaweza kuvibadilisha, mradi kipimo kiwe kilekile na volti zisipungue. Betri ifunguliwe kwanza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nawaomba wenye magari waandike namba ya kontroli boksi leo, gari likiwa zima. Likizimika porini, namba hiyo ndiyo itakayomwongoza utakayemtuma Mwanza kununua spea.