Buru Bado ni Buru, Lakini Utakaa Wapi?

Ukitaka kujua mtaa imechenji, wachana na zile gorofa mpya. Hizo kila mtu anaziona, hata msee ameshuka mat leo asubuhi akitoka ushago. Cheki vitu ndogo. Cheki wasee wanakaa wapi jioni, wanakaa juu ya nini, na wametoa ngapi ndio wakae hapo.

Mimi ni wa Buruburu, Eastlands, Nai, ile ya mat za 58. Na kwa hii mtaa jibu ya hiyo swali imegeuka polepole hadi wengi hatukushtuka. Kitambo kukaa kulikuwanga bure. Sai kukaa iko na bili.

Kwanza mjue Buru ilichorwa aje, ju stori yote imetokea hapo. Ilijengwa kwa fezi tano, kuanzia mwanzo wa miaka ya 70 hadi mwanzo wa miaka ya 80. Doh ilitoka kwa gava na shirika la Waingereza la CDC, na kanjo ilikuwa ndani ya hiyo mpango. Zikatoka nyumba zaidi ya 4,000, paa za vigae, zikauziwa mabuda na mamathe wa kazi za ofisi, wakalipa mkopo pole pole miaka na mikaka. Lakini kitu ya maana haikuwa vigae. Wachoraji hawakupanga hizo keja laini moja ka mabehewa. Walizipanga kwa makoti: nyumba kadhaa zinaangaliana, katikati uwanja ya wote. Mathe akiwa jikoni anakuona ukirusha mawe, na ka si wake, bado anakuitia fathe yako.

Hiyo uwanja ndio ilitulea. Ilikuwanga bano, kati, blada, brikicho hadi giza iingie na majina zianze kuitwa moja moja kwa mlango. Na boli. Hakuna msee alikuwa na doh ya boli ya duka, so ilikuwa ni juala. Unaokota juala za mkate na za sukuma, unazishindilia ndani ya moja kubwa, unafunga na kamba ya manila ukizungusha hadi itoke ka wavu. Ikikazwa vizuri inadunda. Adui yake ilikuwa kayaba, ile fensi ya miiba ilizunguka karibu kila nyumba. Boli ikiingia huko, msee wa mwisho kuigusa ndio anaingia kuitoa, na anatoka mikono ikiwa imechorwachorwa.

Agosti 28, 2017, gava ikapiga juala marufuku. Na sitadanganya, ilisaidia. Mitaro zilipumua, mvua ikinyesha maji inaenda mahali inafaa kuenda. Mama mboga akaanza kufunga sukuma kwa hizo begi za kitambaa, ama unakuja na yako. Lakini boli ya juala nayo ikaisha kimya kimya, hakuna mtu aliitangazia matanga. Na haikuwa juala peke yake. Huo wakati uwanja yenyewe ilikuwa imeshaanza kuisha. Keja moja iko na ndai mbili, tatu, na zote zinalala kwa koti. Mtoi akipiga boli, kioo ya mtu inalia, na boli inachukuliwa mateka hadi mzazi aje kuongea.

Kayaba nayo imeenda njia yake, na njia ni ile ile kila nyumba. Kwanza inang'olewa, inajengwa ukuta ya mawe. Baadaye ukuta inatobolewa kadirisha, kanaekwa grili, kanauza maziwa, mkate na kredo. Alafu dirisha inakuwa mlango. Mlango inaongezwa paa, vioo, na stima za kumetameta. Penye mathe alikuwa amepanda waridi, sai kuna kinyozi, duka ya dawa, na dem wa M-Pesa ameketi nyuma ya kioo yenye iko na kashimo ka kupitisha kitambulisho. M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu hapo ekstensheni bila M-Pesa ni ka haijamaliziwa.

Usinisome vibaya. Sichomi ekstensheni. Mzae amestaafu, mkopo ya keja aliimaliza kitambo, lakini pensheni inaishia kwa tokeni za stima na kagesi ka kilo sita. Watoi wake wako na digrii na bado wako kejani. Hiyo ukuta ndio shamba yake. Akiitoboa anapata rent, na msee mwingine anapata kazi. Nusu ya mbogi yenye nimekua nayo inakula kwa hizo duka: huyu ananyoa, yule anarepea simu, mwingine anauza viatu za mtumba ameosha hadi soli imerudi nyeupe. Na si lazima ushuke hadi Jogoo Road ndio upate panadol.

Shida ni ile kitu imeenda na kayaba. Mbele ya duka za zamani kulikuwanga na kaukuta kafupi, ka magoti hivi. Hako kaukuta ndio kalikuwa base. Hapo ndio stori zilipigwa, mechi zikabishaniwa, wasee wakafunzwa kupiga gitaa, na jobo zikatangazwa kabla zifike gazeti. Hukuwa unaulizwa unanunua nini. Sai pita ucheki: penye kaukuta kalibaki, juu yake kumesimikwa vyuma zimechongoka ama chupa zimevunjwa zikashikishwa na simiti. Mwenye duka hajasema ondoka, lakini makalio imeelewa.

Mbogi ikahamia duka ya muvi. Mnakumbuka? Kachumba kamejaa CD, kava zimepangwa ukutani hadi kwa dari, na jamaa wa duka amecheki zote. Ungeweza simama masaa mbili ukichagua, utoke bila kununua, na hakuna mtu amekununia. Alafu intaneti ikateremka kwa milingoti, waya juu ya waya, kila ploti na Wi-Fi yake. Duka za muvi zikafa, vyumba zikabaki, zikawekwa plei. Huko kukaa ni kwa bei: game moja ni mbao, ukifungwa unasimama, na ukisimama bila mbao ingine unaambiwa upishe wasee.

Toka hapo uende kwa jamaa wa smokie. Ameweka viti mbili za plastiki kando ya toroli, roho safi. Anapasua smokie na kakisu, anaijaza kachumbari, anaizungushia chapo, smocha hiyo. Unadishi. Ukimaliza ukae dakika kumi bila kuitisha ingine, anaanza kupanguza kaubao yake penye hakuna uchafu. Hajakosea, hiyo kiti ni ofisi yake. Klabu nayo huwezi lalia chupa moja hadi saa nne. Kwa ile joint mpya ya kahawa yenye iko na maua ya plastiki ukutani, kikombe moja ni pesa ya lanchi za siku mbili. Piga hesabu ya jioni moja ya kutoka tu nje kuona watu. Soo mbili imeenda na bado hujapiga stori ya maana.

Alafu mabuda wanasema vijana wa siku hizi wanapenda simu sana. Buda, mlibeba uwanja mkaweka ndai, mkabeba kaukuta mkaweka vyuma. Simu ndio ilibaki na nafasi.

Tuongee geti sasa. Makoti mengi sai yako na geti, soja na kibanda chake. Sababu zinaeleweka: wasee walipigwa ngeta, vioo za ndai zikaibiwa usiku, watu wakachanga. Mimi mwenyewe ningechanga. Lakini angalia hicho kitabu ya geti vizuri siku moja. Ni daftari kubwa, kalamu imefungwa na uzi ndio isitembee, na laini zimechorwa na rula: jina, namba ya kitambulisho, simu, nyumba unaenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Ukiandika yako, unasoma namba za wageni wote wa hiyo wiki, na tuko na sheria ya kulinda data tangu 2019. Hiyo iache ikae.

Angalia laini yenye haiko. Msee amezaliwa koti ya pili hapo, amecheza kati hapa hadi akaota ndevu. Soja mpya anamuuliza, “Unaenda kwa nani?” Yeye anaenda kwa hakuna mtu. Anapita tu, ju hapa ndio alikuwanga anapita. Kitabu haina mahali pa kuandika hiyo. So anazunguka na barabara kubwa, na baada ya miezi kadhaa ameshazoea kutojua ni nani ameoa, nani amehama, nani ni mgonjwa hapo ndani.

Hata kwa mama mboga kitu imepotea, ingawa bado yuko pale pale. Raha ya mama mboga ilikuwa zile dakika anakatakata sukuma. Anashika rundo kwa ngumi, kisu inapita karibu na kidole bila kukigusa, vipande nyembamba zinaanguka kwa sinia, na mdomo haujawahi simama. Hapo ndio mtaa nzima ilikuwa inasomwa: nani amejifungua, caretaker gani anakula rent, maji inarudi lini. Sai unamtumia order na WhatsApp, unalipa na simu, jamaa wa nduthi anakuletea ikiwa imeshakatwa. Ni rahisi, na mama anauzia watu wengi kuliko kitambo, wacha aomoke. Lakini umbea ya maana haiingii kwa begi.

Place moja tu imeenda kinyume, na ni ile mabuda wanaichukia zaidi: stage ya nduthi. Gava iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo 2008, nduthi zikajaa kila kona. Wasee wa boda walihitaji mahali pa kungojea kastoma, so wakafanya kitu hakuna mchoraji wa mji amefanya hapa tangu fezi ya tano iishe. Wakasimamisha nguzo nne, wakaweka mabati juu na benchi chini. Haikuwachukua hata wiki.

Pitia hapo saa kumi na moja jioni. Huyu amelala juu ya tenki ya nduthi, miguu kwa hendeli. Wawili wanacheza drafti, kete ni vifuniko vya soda, moja zimegeuzwa juu na zingine chini. Shosh ametoka soko amechoka, anapishwa akae bila hata kuomba. Mwanafunzi anachaji simu. Buda mwenye aliongea mbaya juu ya nduthi kwa mkutano anasimama hapo kando, ati anangoja mvua ipungue, na macho iko kwa drafti. Hakuna mtu amenunua kitu. Sisemi wako safi, wengine wao wakigongwa kidogo tu wanakuja na mbogi nzima. Na hiyo benchi kwa haki ni ya memba wa stage. Lakini kwa sai, kwa sehemu kubwa ya Buru, hapo ndio koti imehamia.

Na hii si maneno ya kulia na za kitambo. Hii lugha unasoma sai ilikolea Eastlands miaka ya 70, ju watoi wa Wakikuyu, Waluo, Wakamba na Waluhya walikuwa wanakaa nje pamoja, kila mmoja na lugha ya kejani, wakatafuta moja ya hapo nje. Hakuna mtu aliwafunza. Walihitaji masaa mengi ya kukaa bila kulipa. Muziki ya mtaa, michoro ya nganya, hata jobo zenye hazitangazwi, zote zinaota mahali wasee wana muda na hawafukuzwi. Ukiweka bei kwa kiti, wenye wanabaki wameketi ni wale wako na doh, na hao wanajuana tayari.

So tufanye aje? Geti haitatoka na ekstensheni hazitabomolewa, na si lazima. Kuna vitu ndogo zinawezekana. Parkingi moja kwa kila koti irudishiwe watoi baada ya shule. Geti ya miguu iwe wazi mchana, kitabu ianze jioni. Mwenye duka akijenga kaukuta akaache bila vyuma. Benchi moja ya mbao iwekwe chini ya mti penye soja anaiona, tuchange wote ka venye watu walichangia geti.

Hizo zote zinaamuliwa mahali moja: mkutano ya wakaaji, ile ya wikendi. Nimeingia huko. Wenye wanapiga kura juu ya geti ni watu wa miaka sitini kwenda juu, na wanaamua vizuri vile wanaona, ju hakuna mtu wa miaka ishirini hapo wa kuwaambia vile inaonekana ukiwa nje ya geti. Sisi tunasikia uamuzi Jumatatu, tukikatazwa kuingia.

Mkutano ijayo twende. Viti zinapangwa mapema, nyingi zinabakinga tupu, na huko hakuna mtu ataitisha mbao ndio ukae.