Je, Wajua? Nyumba Yenye Magurudumu na Makaratasi Yake

Je, wajua kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kuulizwa kama nyumba yenye magurudumu ni nyumba au ni gari? Ilikuwa mwaka 1985, katika kesi ya California dhidi ya Carney, iliyotokana na nyumba ya aina hiyo iliyokuwa imeegeshwa mjini San Diego. Majaji 6 dhidi ya 3 walisema ni gari, kwa hiyo polisi wenye sababu ya msingi wanaweza kulipekua bila hati ya mahakama. Anayekwenda yadi kununua RV, kama Wamarekani wanavyoziita nyumba hizi, atakutana na swali hilohilo katika kila karatasi, na jibu litategemea nani anauliza.

Kwa mfano, je, wajua kwamba ofisi ya kodi ya Marekani huiita nyumba? Ikiwa na mahali pa kulala, pa kupikia na choo, riba ya mkopo wake inaweza kupunguzwa kwenye kodi kama riba ya nyumba ya kawaida, mradi RV yenyewe ndiyo dhamana ya mkopo na mlipakodi anaorodhesha makato yake moja moja. Hema halihesabiki, hata liwe zuri namna gani.

Na je, wajua kwamba zipo RV zinazouzwa zikiwa na tangazo jikoni linalosema hazifai kuwa makazi ya kudumu? Ni zile kubwa za kuegeshwa kwenye kambi, zisizozidi futi za mraba 400, yaani takriban mita za mraba 37. Kanuni ya wizara ya nyumba iliyoanza kutumika mwaka 2019 inamtaka mtengenezaji abandike tangazo hilo palepale jikoni mpaka iuzwe. Kwa hiyo mnunuzi anasimama mbele ya jiko, sinki, kabati za vyombo na jokofu refu kumpita, huku karatasi inamwambia hapa si kwako pa kuishi.

Kwenye meza ya mkopo ndiko mambo yanakokolea. Sheria ya shirikisho inamlazimu mkopeshaji aandike waziwazi kiwango cha riba na jumla ya gharama zote, lakini ulinzi huo una kikomo cha kiasi: kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 71,900. Mkopo ukizidi hapo, mkopeshaji habanwi tena na sheria hiyo. Ila kuna mlango mmoja: kama unachonunua ndicho kitakuwa makazi yako makuu, kikomo hakihesabiki, na ulinzi unarudi hata kwa mkopo mkubwa. Vizuri, basi sema ni makazi yako! Tatizo ni kwamba wakopeshaji wengi hawataki kabisa kuwakopesha watu wanaoishi ndani ya RV mwaka mzima, na fomu ya maombi inauliza. Ukiandika kweli, unaweza kunyimwa. Ukiandika uongo, umedanganya benki kwa maandishi na saini yako iko chini. Kwa maoni yangu, hakuna mstari wenye mtego kuliko huo katika bunda zima, na ndio ambao afisa mauzo huupitisha haraka kuliko yote.

Je, wajua kwamba zile siku 3 za kubadili mawazo, ambazo watu huzitaja kwa uhakika mkubwa, haziwahusu wanaonunua magari ya injini kwenye yadi? Kanuni hiyo ya shirikisho ilitungwa miaka ya 1970 kuwadhibiti wachuuzi wa nyumba kwa nyumba. Hata ukinunua kwenye maonyesho, chini ya turubai, haikusaidii maadamu muuzaji ana duka la kudumu mahali fulani. Ukishasaini, umesaini.

Gari dogo lililotumika likiuzwa na yadi Marekani lazima libandikwe dirishani karatasi inayosema kama lina waranti au linauzwa kama lilivyo. Lakini kanuni hiyo inaishia kwenye magari yenye uzito ulioruhusiwa chini ya ratili 8,500, karibu kilo 3,850. RV nyingi za injini zimepita hapo, na RV ya tela, inayovutwa na gari, haina injini, kwa hiyo haimo. Mwenye pesa kidogo analindwa kwenye gari la dola 6,000. Mwenye kuweka akiba ya maisha anaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Maili nazo vivyo hivyo. Muuzaji wa gari la mwaka 2011 au baada ya hapo hutakiwa kuandika na kusaini idadi ya maili kwa miaka 20 tangu mwaka wa gari hilo. Magari yenye uzito ulioruhusiwa unaozidi ratili 16,000 yamesamehewa. Zile RV ndefu kama basi ziko humo.

Je, wajua kwamba RV moja inaweza kuwa na miaka miwili? Kampuni kama Ford au Freightliner hutengeneza chesisi yenye injini, kisha kiwanda kingine, mara nyingi kule Elkhart, Indiana, hujenga chumba juu yake. Chesisi inaweza kuwa ya mwaka mmoja na nyumba ya mwaka unaofuata, na yote mawili ni halali. Uliza mapema ni upi utakaoandikwa kwenye hati.

Muundo huo ndio unaozaa rundo la waranti. Injini ina yake, chumba kina yake, jokofu lina yake, jenereta ina yake, kiyoyozi kina yake. Kitu kikiharibika unapigwa danadana: mwenye chumba anasema ni chesisi, mwenye chesisi anasema ni waya za mwenye chumba. Sheria ya mwaka 1975 inakupa haki ya kusoma waranti ya maandishi kabla ya kununua, si baada. Itumie. Omba zote, kaa chini, soma. Muuzaji atakohoa, mwache akohoe.

California inagawanya hata ubovu. Sheria yake ya magari mabovu inahesabu chesisi na sehemu inayoliendesha gari kuwa gari jipya. Sehemu ya kuishi imetolewa humo na kurudishwa kwenye kanuni za kawaida za bidhaa. Texas, kwa upande wake, imeyaingiza hata matela ya kuishi katika sheria yake.

Karibu na mlango wa tela tafuta kibandiko cha manjano. Kimeandikwa kilo na ratili za mizigo ambazo hupaswi kuzidisha kamwe. RV za injini nazo zina kibandiko kama hicho, na vyote viwili vinataja pia uzito wa tangi la maji likijaa, maana maji nayo ni mzigo. Sasa sikiliza: kama yadi imeongeza vitu vinavyozidi ratili 100 kabla ya kukuuzia, betri za ziada au jenereta, sheria inaitaka irekebishe namba hizo. Wachache huuliza.

Nembo ya chama cha watengenezaji, RVIA, iliyobandikwa nje si muhuri wa serikali. Ni chama binafsi.

Je, wajua kwamba ukilipa taslimu zaidi ya dola 10,000, yadi lazima ipeleke fomu namba 8300 serikalini ndani ya siku 15? Haina maana umefanya kosa. Hundi yako binafsi haihesabiki kuwa taslimu.

Montana haina kodi ya mauzo, ndiyo maana RV za watu ambao hawajawahi kukanyaga huko zina namba za Montana, zikimilikiwa na kampuni iliyofunguliwa kwa kazi hiyo tu. California imeshtuka zamani: gari lililonunuliwa nje na kuingizwa humo ndani ya miezi 12 huchukuliwa kwamba lilinunuliwa kutumika humo, na mwenye kupinga ndiye anayeleta ushahidi. South Dakota ni mpole zaidi. Msafiri asiye na nyumba anaweza kupata leseni ya udereva kwa anwani ya huduma ya barua na risiti ya kulala usiku mmoja.

Leseni yenyewe? California inataka daraja jingine kwa RV inayozidi futi 40. Texas inatazama uzito: ukizidi ratili 26,000, leseni ya kawaida haitoshi. Yadi itakukabidhi funguo hata hivyo.

Na kwa ndugu zetu walioko huko wanaowaza kuisafirisha RV mpaka Mombasa: Kenya haisajili usukani wa kushoto isipokuwa kwa magari ya kazi maalumu, kama ya wagonjwa na ya zimamoto, na gari lililotumika halitakiwi kuzidi miaka 8. Usitegemee kwamba kitanda na jiko vitahesabiwa kazi maalumu.