Mraibu Naye Ana Jirani

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012 Kyerwa ilipopewa mipaka na madaraka yake yenyewe, zimekaa katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mto Kagera ukizitenga na Rwanda upande wa machweo na Uganda upande wa kaskazini. Na juu ya vilima vile mgomba na mkahawa ndio mali ya mtu, chakula chake na ada ya shule ya wanawe. Ndizi za chakula hupikwa, na ndizi za pombe huvundikwa zikaiva, zikakamuliwa kwa majani, maji yake yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na muda si mrefu ikapatikana rubisi, kinywaji ambacho mkwe hapokewi wala matanga hayaondolewi vyema pasipo nacho. Rubisi hiyo hiyo ikitiwa motoni na mvuke wake ukakingwa katika mrija huwa gongo, ambayo sheria ya mwaka 1966 ilikataza isipikwe wala kuuzwa pasipo leseni, na ambayo hata hivyo hupikwa na kuuzwa. Kwa hiyo kinywaji cha kwanza kina baraka ya wazee na cha pili kina hofu ya polisi, na mtu aliyekulia katika nyumba yenye vyote viwili haoni upesi adabu inaishia wapi na uraibu unaanzia wapi.

Nimeanza na pombe kwa makusudi. Yanapotajwa madawa ya kulevya, fikira za wengi huruka moja kwa moja mpaka Dar es Salaam, Tanga na Unguja, iliko heroini ambayo vijana huiita unga, yaliko maskani ya watumiaji wake wanaoitwa mateja, na iliko arosto, yale maumivu ya mifupa na tumbo yampatayo mtu unga ukimtoka mwilini. Ilhali mkulima wa Nkwenda au mwendesha bodaboda wa Omurushaka anayeanza siku yake kwa gongo, au akaimalizia kwa bangi, au akanunua waragi, gongo ya Uganda, iliyovushwa mpakani Murongo, hahesabiwi kuwa ni mtu wa shauri hilo, bali huitwa mlevi tu, na neno hilo likishatamkwa, aghalabu mazungumzo hufungwa. Serikali ilipopiga marufuku viroba, ile mifuko midogo ya pombe kali, tarehe 1 Machi 2017, wengi tuliona ni jambo la heri, nami ningali naona hivyo. Lakini marufuku huondoa bidhaa dukani, haiondoi kiu kwa mtu.

Katika pwani ilipatikana elimu ambayo watu wa bara wana haki ya kuirithi. Heroini iliingia Afrika Mashariki kupitia pwani katika miaka ya 1980, ikavutwa kwanza kwa moshi, kisha vijana wakaanza kuichoma kwa sindano, na sindano moja ikapita mikononi mwa wengi. Tafiti zilizofanywa Dar es Salaam katika miaka ya 2000 na baada yake zikakuta kwamba miongoni mwa waliojidunga, mtu mmoja katika kila watatu, na pengine zaidi, alikuwa na virusi vya UKIMWI, kiasi kinachozidi mara nyingi kile cha taifa zima. Mwezi Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ambayo humtuliza mraibu wa heroini arosto isimshike na kumwezesha kufanya kazi na kulala usingizi, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuitoa katika hospitali ya umma. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar na miji mingine, mpaka Mwanza. Huko Temeke shirika la madaktari la Médecins du Monde lilikuwa likigawa sindano safi na kukusanya zilizokwisha kutumika, na waraibu wenyewe wakaunda mtandao wao, TaNPUD, ili waseme kwa vinywa vyao mambo yaliyokuwa yakisemwa juu yao na watu wengine.

Haya yote huitwa kupunguza madhara, na rai iliyo ndani yake ni kwamba mtu ambaye leo hawezi kuacha, au hataki, bado ana uhai unaostahiki kuhifadhiwa, na kwamba kesho hawezi kuacha ikiwa leo amekufa. Wala rai hiyo haikutoka vichwani mwa mawaziri. Katika Uholanzi waraibu walikuwa wameunda chama chao, Junkiebond, na mwaka 1984, duka moja la dawa katikati ya Amsterdam lilipokataa kuwauzia tena sindano, nao wakihofu homa ya ini kuenea baina yao, walianza kugawiana sindano safi kwa kuzibadilisha na zilizotumika. Idara ya afya ya mji iliwasaidia, na haukupita muda UKIMWI ukaidhihirishia dunia kuwa walikuwa wameona mbali. Waliodhaniwa kuwa hawana akili wala hima walitangulia mbele ya wakuu wa afya, kwa sababu ndio waliokuwa wakizikana.

Sasa tuitazame Karagwe. Methadoni kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, tena haimfai mlevi wa gongo hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni juu ya heroini na jamaa zake tu. Na kwa yule kijana aliyerudi kutoka mjini na uraibu wa unga, kliniki iliyo Mwanza ni dawa iliyo mbali naye kwa safari ambayo hawezi kuifanya kila asubuhi. Kuichukua huduma ya pwani kama ilivyo na kuipandisha vilimani hakutafaa. Kinachoweza kupanda ni ile rai yake, na ikishafika huku inakuta kazi tele.

Kazi ya kwanza ni elimu ya kuacha. Watu wengi hudhani kwamba mlevi aliyekomaa akifungiwa ndani siku chache atapona, na ndivyo jamaa wenye mapenzi mema wanavyofanya, na ndivyo mahabusu yanavyofanya pasipo kukusudia. Kumbe mwili uliozoea pombe kali kila siku kwa miaka, ukinyimwa kwa ghafla, huweza kushikwa na kutetemeka na jasho katika saa za mwanzo, kisha kifafa katika siku mbili za kwanza, kisha katika siku ya tatu au ya nne weweseko la kuona wadudu ukutani na kusema na wasiokuwapo, na wengine hufa. Arosto ya unga, pamoja na ukali wake wote, ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya. Ya pombe huua. Nayo ina matibabu yasiyo ya ghali, dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu zikitolewa na tabibu kwa vipimo vinavyopungua, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo, mambo yaliyo ndani ya uwezo wa hospitali kama Nyakahanga ya Walutheri au Isingiro na Nyakaiga za Wakatoliki. Basi jirani anayejua haya humwambia mlevi apunguze kidogo kidogo au aende hospitali, wala hamwambii aache leo hii na kumfungia mlango.

Kazi ya pili ni ya vidonge. Mkoa wa Kagera, ambamo wilaya hizi zimo, una watu wengi wanaotumia dawa za kufubaza virusi, na imezagaa itikadi kwamba vidonge hivyo na pombe vikikutana tumboni huwa sumu, hata mtu akinywa jioni huviacha vidonge vyake makusudi, akidhani amejihifadhi. Madhara ya kuviacha ni makubwa kuliko ya kuvichanganya, kwani virusi hupata nafasi ya kuzaliana na kuizoea dawa. Shauri la matabibu leo ni kwamba mtu ameze kidonge chake hata kama amekunywa. Mhudumu anayemfokea mgonjwa kwa harufu ya kinywa chake hamfundishi kuacha pombe, humfundisha kutokuja kliniki, na ningependa sentensi hii ibandikwe katika kila chumba cha kutolea dawa.

Kisha liko suala la gongo yenyewe. Mwezi Aprili 2010, huko Kabale, upande wa Uganda na si mbali na vilima hivi, waragi iliyochanganywa na methanoli iliua watu wapatao 80 katika muda wa majuma machache. Methanoli ni spiriti ya viwandani, haina tofauti ya rangi na gongo, nayo huanza kwa kutia ukungu machoni kabla ya kuua. Mtu anayekunywa gongo anahitaji kujua kwamba macho yakififia baada ya kunywa ni hospitali papo hapo wala si kulala, kwamba tumbo lenye chakula hupunguza ukali, kwamba kunywa peke yako penye giza ni kukosa shahidi na msaidizi, na kwamba aliyelala fofofo alazwe ubavu asije akapaliwa na matapishi yake. Elimu hii haimpi mtu glasi hata moja zaidi. Humpa asubuhi ya pili.

Lakini atampa nani? Muuguzi hafiki kilabuni, na akifika, watu hunyamaza. Afikaye ni yule aliyekuwa akinywa hapo hapo jana, ambaye anajua nani anatapika damu na mkewe hajui, nani alikwisha kuanguka na bodaboda mara kadhaa, na mama gani anayepika gongo ili alipe ada, hali naye ameanza kuonja kila pipa. Huyo mama nimtaje kwa heshima, kwa maana sheria humwona kuwa mhalifu na mji humwona kuwa tegemeo, na anapoanza kulewa hudharauliwa mara mbili, kama mlevi na kama mwanamke. Katika kliniki za methadoni za Dar es Salaam wanawake walikuwa wachache mno mbele ya wanaume, na miongoni mwa sababu ni kwamba kujitokeza kuliwagharimu zaidi. Sioni kwa nini vilimani mambo yawe mepesi.

Juu ya fedheha na kificho, watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa na mgeni. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana katika mkoa huu mwaka 1983, katika miaka ambayo ugonjwa uliitwa Juliana kwa jina la kitambaa kilichouzwa na wafanyabiashara wa mpakani, na mtu aliyekonda alitengewa kikombe chake. Haikuwa hotuba iliyobadilisha hali ile. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alichukuliwa na ugonjwa huo, aliungana na wenzake waliokwisha kuguswa wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. Mwaka 1989 mwimbaji wa huko huko, Philly Lutaaya, alisimama hadharani akasema kuwa anao. Mwaka huo huo Tanzania ikapata shirika lake la namna hiyo, WAMATA, na baadaye katika vijiji wale waliokuwa wakitengwa wakawa ndio wanaowatembelea wagonjwa wenzao na kuwahesabia vidonge. Mzee wa leo aliyeishi zama zile anajua kwa macho yake kwamba lawama iliwazika wengi kabla ya siku zao, na ni ajabu, nasema kwa staha, kwamba mzee huyo huyo aliyemsamehe mgonjwa wa UKIMWI hamsamehi mlevi, akihoji kwamba wa kwanza alipatwa ilhali wa pili alijitakia.

Hoja hiyo haina budi kujibiwa kwa insafu, kwani hutoka pia kwa mapadri, wachungaji na masheikh, na hawaisemi kwa chuki: je, kumfundisha mtu kunywa kwa tahadhari si kumruhusu anywe? Jawabu langu ni kwamba ruhusa alikwisha kujipa, hakutungoja sisi; na kwamba kanisa linalomzika mlevi bila kinyongo lingeweza kumpokea angali hai kwa gharama ndogo zaidi. Kwa muuza unga na mchanganyaji wa methanoli sina utetezi, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina kazi yake juu yao. Ila mtumiaji anayekimbia kila anapoona sare hukimbia pia zahanati, na mwenzake aliyezidiwa huachwa pale pale kwa kuwa kila mmoja anaogopa kuitwa shahidi.

Waelimisha rika, kama wanavyoitwa hao waraibu na waliokuwa waraibu wanaowafuata wenzao vijiweni, hawadumu kwa hisani peke yake. Wana njaa, na mtu aliyepunguza gongo hubaki na saa nyingi mchana zisizo na shughuli, hasa msimu wa kahawa unapokwisha na fedha za mauzo zimekatika. Halmashauri zote nchini zinapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi cha vijana waliokubaliana kusaidiana katika kupunguza ulevi kinaweza kuomba kama kikundi kingine chochote cha ufugaji wa nyuki au kilimo cha maharage, mradi kimesajiliwa na kinatambulika mahali kilipo. Hapo ndipo mambo hukwama au kufunguka, mezani kwa mtendaji wa kijiji, anayeombwa kuthibitisha kwamba watu hawa anawafahamu na kwamba ni wakazi wake. Na ni kweli kwamba anawafahamu vizuri kuliko waombaji wengine wote.