Sekateri ya mkono mdogo: pima kwanza, nunua nyuma

Kaka na dada, pamoja na wadogo wetu wenye bado wako kwenye fakulte, leo tuongee juu ya kitu kimoja chenye wengi wetu hatukufundishwa darasani: namna ya kuchagua sekateri kwa mtu mwenye mkono mdogo. Kuna mwenye atasema hayo ni mambo ya kapita wa shamba, si ya mtu wa licence. Lakini siku utapata kazi, njo wewe watakuuliza: "Agronomu, tununue vyombo gani?" Na mara nyingi mikono yenye itashika vile vyombo si yako.

Mimi natembea na wakulima wa kahawa Arabika upande wa Ziwa Kivu. Huku kazi ya kupogoa na kutoa vichipukizi wanaifanya sana wamama. Mradi mmoja ulileta sekateri za saizi moja kwa watu wote, kubwa, za chuma kizuri. Kisha wiki chache wamama wengi walikuwa wamerudilia panga. Kwenye ripoti wakaandika kama wakulima "hawapendi teknolojia mpya". Niliomba wamama watatu wazifungue mbele yangu. Kidole cha shahada na cha kati vilifikia mpini wa pili. Vile viwili vya mwisho vilibaki vinaelea hewani. Hapo hakuna mambo ya kupenda ao kukataa. Ni mambo ya sentimita.

Tuangalie sababu.

Kwanza, nguvu. Ngumi iko na nguvu sana wakati vidole vimezunguka kitu katikati, si wakati vimetanuka. Kama mpini uko mbali, unavuta na ncha za vidole tu, na nguvu inapungua. Tena, kwa wastani, nguvu ya kushika ya mwanamke ni kati ya nusu na theluthi mbili ya ile ya mwanaume. Na tawi halina huruma: unene ukiongezeka mara mbili, toka sentimita 1 mpaka 2, mti wenye unakata unakuwa mara nne.

Pili, mwili. Mwenye kupogoa siku nzima anafunga na kufungua mkono mara nyingi sana. Kama kila mara anajikaza kupita kiasi, mishipa ya kiganja na ya kiwiko inalipa. Jioni mama huyo huyo anapaswa kukoroga bugali na kubeba maji.

Tatu, mti wenyewe. Mwenye kukosa nguvu anazungusha chombo ili tawi likatike. Ganda linapasuka, kidonda kinachelewa kupona, na ugonjwa unapata mlango. Kurudilia panga hakusaidii, juu panga linachana. Na sisi wa Kivu tunajua hasara ya chombo kichafu: mnyauko wa bakteria wa migomba, wenye ulionekana Masisi mwaka 2001, ulitembea shamba kwa shamba pia kwa njia ya visu na panga visivyosafishwa.

Sasa, unachagua namna gani? Chukua rula. Pima toka mkunjo wa kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati. Kwa vipimo vya glavu za kazi vya Ulaya, saizi 6 ni mkono wa milimita 160, saizi 7 ni 171, saizi 8 ni 182. Mimi, mwenye mkono chini ya sentimita 17 namuandika kwenye kundi la mikono midogo.

Kisha pima sekateri. Mwongozo wa vyombo vya mkono wenye NIOSH ya Marekani ilitoa mwaka 2004 unasema hivi juu ya vyombo vya mipini miwili: vikifungwa, nafasi ya kushika isiwe chini ya sentimita 5, vikifunguliwa kabisa, isipite sentimita 9. Kwa mkono mdogo, tafuta chenye kinabaki chini ya hizo 9.

Ukiwa dukani, usiangalie rangi. Mpe mwenye atakitumia, afanye majaribio haya:

1. Afungue kabisa. Vidole vyote vine vifikie mpini wa pili na vijikunje, si kugusa tu.
2. Afunge na kufungua mara ishirini. Ressort ikiwa ngumu sana, atachoka mbele ya saa nne za asubuhi.
3. Kidole gumba kifikie kifungio bila kubadilisha namna ya kushika.
4. Kama anavaa glavu shambani, ajaribu na glavu.
5. Kama ni wa mkono wa kushoto, atafutiwe ya kushoto.

Mfano wa wazi ni Felco ya Uswisi. Felco 2, yenye watu wengi wanajua, inakata mpaka milimita 25. Felco 6 ni fupi na nyepesi, imefanywa kwa mikono midogo, inakata mpaka milimita 20. Felco 9 ni ya kushoto. Angalia vizuri: mwenye mkono mdogo anapoteza milimita 5 tu. Vichipukizi vya kahawa havifiki pale, na shina la kukata upya linahitaji msumeno. Kama pesa hazifiki kwa Felco, vipimo ni vile vile kwa alama yoyote.

Chagua pia ya makali yenye kupishana kama mkasi. Ile yenye kisu kinagonga juu ya bamba inaponda tawi bichi. Ile ya meno, yenye inakata kwa hatua, inasaidia mkono dhaifu kwenye tawi gumu, lakini kwa vichipukizi mia tano inachelewesha.

Na kisha kununua, noa. Kisu butu kinaomba nguvu yenye huyo mama hana. Noa upande wenye mteremko, pangusa na alkoli toka mti mpaka mti. Ukitumia javeli, suuza na upake mafuta jioni, juu inakula chuma. Mwonyeshe pia kuingiza tawi ndani kabisa karibu na msumari, si kwenye ncha: pale kazi inakuwa nyepesi.

Wenzangu, siku mtaandika profoma ya kooperative, musiandike "sekateri 50" peke yake. Pitieni na rula mbele ya kuagiza, muandike ngapi ndogo, ngapi kubwa, ngapi za kushoto. Ni kazi ya asubuhi moja, na mtoa pesa akiuliza sababu ya safu tatu, mko na vipimo vya kumuonyesha.